Wapiga Kura Wawili wa Larkmoor

Nusu ya wapiga kura wa wilaya nzima ya Larkmoor nilikuwa mimi. Nusu ya pili alikuwa Dub Stovall, mzee wa kizungu, fundi mstaafu wa kuchomelea vyuma, aliyeshinda kwenye ngazi za trela lake akila maharage ya kopo na kuwatukana kunguru. Mtu wa tatu hakuwepo. Kulikuwa na ranchi iliyouzwa, nyasi za kufika magotini, ng'ombe wachache ambao hakuna aliyekumbuka kuja kuwachukua, na matrela mawili mapya ya kuishi yaliyoinuliwa juu ya matofali, langu na lake.

Usicheke. Hivi ndivyo miji inavyozaliwa siku hizi kwetu Texas. Kampuni inanunua shamba. Jiji liko mbali na halitaki kuvuta mabomba hadi huko, kaunti nayo inajifanya haioni, basi kampuni inaliomba jimbo ruhusa ya kuunda wilaya yake yenyewe, wilaya ya maji, mitaro na barabara. Wilaya ikishazaliwa inakopa mamilioni, kampuni inajenga, na watakaokuja kununua nyumba baadaye ndio watakaolipa deni kwa kodi mpaka wazeeke. Ila sheria imeweka kijisharti kimoja, kwamba wakazi wa pale wapige kura kuikubali wilaya. Shamba tupu halina wakazi. Kwa hiyo kampuni inaleta wakazi wake, kama vile mtu anavyokodi viti vya harusi.

Mimi nilipatikana kirahisi. Nimezaliwa Nebo, mtaa wa watu weusi unaopakana na ranchi ile, vishamba ambavyo babu zetu walivinunua walipotoka utumwani, wakajenga kanisa kabla hawajamaliza kuezeka nyumba zao. Naendesha basi la shule. Nilikuwa nimeachana na mume wangu, nimerudi kwa mama, nalala kwenye kochi lake na miguu yangu inaning'inia nje, mtu mzima mwenye wajukuu. Siku moja kijana wa kampuni, Brantley Koenig, akanifuata kwenye yadi ya mabasi. Alivaa buti za ng'ombe ambazo hazijawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe.

"Bi Corine," akasema, "trela jipya, vyumba viwili. Hulipi umeme, na kodi yake ni dola moja kwa mwaka. Kazi yako ni kuishi tu. Siku ya kura ikifika, unapiga."

"Napigia nini?"

"Maji."

Alinipata hapo hapo. Visima vya Nebo vilikuwa vimeharibika tangu walipoanza kuchimba gesi upande wa juu. Maji yalitoka na rangi ya kutu na harufu ya yai viza, na bwana afya wa kaunti alituletea karatasi za kubandika jikoni kutukataza kuyanywa, kana kwamba pua hatuna. Mama yangu, Bi Ozella, na miaka yake themanini na ushee, alikuwa akinunua maji ya madumu mjini. Shemasi Alvis Pruitt alizunguka na tangi juu ya pikapu yake akiwagawia wasiojiweza. Tuliwahi kwenda kwa makamishna wa kaunti kuomba wilaya ya maji ya kwetu wenyewe. Wakatusikiliza vizuri, wakatupa kahawa, wakatuambia hatutoshi. Mtaa mdogo mno, walisema, bomba halitarudisha gharama. Waliotupa jina la Nebo walijua walichokifanya; kama Musa juu ya mlima wake, tunaiona nchi ya ahadi, tunaishia kuipungia mkono.

Basi aliposema maji, mimi niliona bomba linapita kwetu. Ningeona nini kingine? Ranchi ile inatuzunguka pande tatu.

Wakili wa kampuni, mwanamke mwembamba asiyecheka, ndiye aliyetaka mambo yafanywe kikamilifu. Kampuni fulani kaunti ya jirani ilikuwa imepelekwa mahakamani kwamba wapiga kura wake ni wa kuazima, na yeye hakutaka aibu hiyo impate. "Mkataba wa miaka miwili," akamwambia Koenig mbele yangu, "na kusiwe na neno lolote la kura ndani yake. Abadilishe anwani kwenye leseni. Alete kitanda chake. Apande hata mboga. Mtu yeyote akija kuuliza, akute mkazi wa kweli."

Nikaleta kitanda. Nikapanda sukuma wiki nyuma ya trela. Nikalala kwa raha, nakiri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Gari la kampuni lilileta maji safi kila wiki kwenye tangi letu, nami nikawa najaza madumu na kumpelekea mama. Dub aliniona nikiyapakia akasema, "Corine, unaiba maji ya kampuni." Nikamwambia, "Nisaidie kubeba, mwizi mwenzangu." Akabeba, huku akilalamikia mgongo wake njia nzima.

Mambo yaliharibika wiki chache kabla ya kura. Koenig alikuja kunionyesha jinsi siku yenyewe itakavyokuwa. Kwa kuwa wilaya nzima haikuwa na jengo jingine, sanduku la kura lingewekwa jikoni kwangu, na karani angekaa mezani kwangu. Nilimmiminia chai ya barafu. Akatandaza ramani ya wilaya mezani anionyeshe bango litawekwa wapi barabarani. Mpaka wa wilaya ulikuwa umechorwa kwa wino mwekundu. Nikaufuata kwa kidole. Ulishuka na barabara kuu, ukavuka kijito, ukafika Nebo, na hapo ukakunja kona, ukapita nyuma ya kanisa, nyuma ya makaburi, nyuma ya nyumba ya mama, ukatuzunguka wote na kurudi barabarani, kama mtu anayekula nyama kwa uangalifu na kuuacha mfupa.

"Hapa pana nini?" nikauliza.

"Hapo ni Nebo."

"Najua ni Nebo, kijana, kitovu changu kimezikwa hapo. Nauliza huu mstari unatukwepa kwa nini."

Akasogeza glasi yake. "Bi Corine, hayo ni mambo ya wahandisi. Gharama. Nyumba za zamani."

"Bomba kubwa linapita wapi?"

Lilikuwa limechorwa hapo hapo kwa rangi ya buluu. Lilipita barabara ya kanisa, mbele ya milango yetu yote, likaendelea zake kwenda kwenye nyumba ambazo hazijajengwa.

"Litapita chini ya miguu ya mama yangu," nikasema, "nanyi hamtamchomekea hata mrija?"

"Tatizo si bomba." Alikuwa ameanza kuvuja jasho, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi. "Tatizo ni kwamba watu wenu ni wengi."

"Juzi tulikuwa wachache."

"Samahani?"

"Makamishna walituambia hatutoshi. Leo tumekuwa wengi? Tumezaana lini?"

Ndipo akaniambia ukweli, nadhani kwa sababu alichoka kuubeba. Nebo ikiingia ndani ya mpaka, watu wa Nebo wanakuwa wapiga kura wa wilaya. Wapiga kura ndio wanaochagua wajumbe watano wa bodi. Bodi ndiyo inayoamua kukopa kiasi gani, na bomba liende wapi kwanza. "Kampuni haiwezi kuweka mamilioni mikononi mwa..." akakatiza.

"Mwa nani? Malizia."

Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Nina miaka chungu nzima ya kutazama watoto watukutu kwenye kioo cha basi, na jicho langu si la mchezo.

"Basi sikia," nikasema. "Mstari huu usogezeni, muuingize mtaa wetu wote. Msipousogeza, kura yangu ni Hapana."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki. "Bi Corine, trela ni letu."

"Lenu, ndiyo. Na mimi nimelipanga miaka miwili. Muulize wakili wako, aliandika kwa mkono wake."

"Tutaleta watu wengine."

"Daftari la wapiga kura lilifungwa Alhamisi iliyopita. Wewe ndiye uliyenikumbusha nijiandikishe mapema, hukumbuki? Ulinipigia simu mara mbili." Nikamjazia glasi. "Mlitaka mkazi wa kweli. Mmempata."

Alikunja ramani yake vibaya, ikamshinda, akaondoka nayo imekunjamana kwapani. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilikwenda nje kung'oa magugu, nikang'oa na sukuma wiki kadhaa.

Alirudi baada ya siku chache, mpole kama muuza bima. Safari hii hakukaa.

"Nimezungumza na wakubwa," akasema. "Mstari hausogei. Lakini tunaweza kumvutia maji mama yako. Nyumba yake tu. Bomba lake mwenyewe, safi, bure kabisa, maisha yake yote. Hatutaliandika popote. Ni ubinadamu tu."

"Hiyo kwetu inaitwa rushwa."

"Iite unavyotaka. Anabeba madumu, Bi Corine. Umri ule."

Lile neno lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Nilishamkuta mama mara nyingi ameketi kwenye ngazi na dumu pembeni, akisubiri pumzi irudi ndipo amalizie hatua zilizobaki. Nilishamkuta akioga kwa kikombe. Niliingia kwenye gari nikaenda kwa mama, na njiani nikawa najiambia maneno mazuri mazuri: mama mmoja kwanza, wengine baadaye, nani atanilaumu, ningekuwa mjinga kukataa.

Nilimkuta jikoni akikatakata vitunguu. Nikamweleza yote. Akaendelea kukata mpaka nilipomaliza.

"Bomba lipite mbele ya nyumba ya Alvis," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lipite mbele ya kanisa. Lipite mbele ya yule binti wa marehemu Cleotha mwenye mapacha."

"Ndiyo."

"Lije kwangu peke yangu. Mimi nikae barazani nimwagilie waridi, Alvis akipita na lile tangi lake nimpungie mkono."

"Mama, wewe unabeba madumu. Mimi siwezi kukuona..."

"Corine, umeniletea habari au umeniletea matusi?"

Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akanigeukia. Macho yake yalikuwa na machozi, na usiniambie ni ya vitunguu. "Unafikiri sitaki? Nataka kuoga, mtoto wangu. Nataka kujaza beseni lile mpaka juu na kulala humo mpaka ngozi ikunjamane. Usiku naota. Lakini baba yangu alichimba makaburi ya nusu ya mtaa huu, na nusu ya mtaa ilichimba lake. Sitaoga peke yangu." Akachukua tena kisu. "Nenda kampigie hiyo Hapana. Na uipige kwa nguvu karatasi itoboke."

Nililia garini, sijui kwa hasira au kwa aibu ya kuwa nilikuwa nimeshaanza kuliona lile bomba.

Siku ya kura karani wa kaunti, Bi Nadine Hruska, aliwasili asubuhi na mapema na sanduku la kura chini ya kwapa moja na keki za jibini chini ya jingine. Aliweka sanduku mezani kwangu, kati ya chupa ya mchuzi wa pilipili na kopo la sukari, akabandika matangazo yote mlangoni, hata lile la kukataza kampeni karibu na kituo. Kwa tangazo hilo Koenig alilazimika kusimama nje barabarani siku nzima kando ya gari lake, na jua la Texas likamshughulikia.

Dub alikuja na shati lililopigwa pasi. Sijawahi kumwona na shati lililopigwa pasi. Akajikunja nyuma ya kile kibanda cha kadibodi, akatoka, akatumbukiza karatasi yake.

"Nimepiga Ndiyo, Corine. Usininunie. Niliwaahidi watu."

"Hujaulizwa, Dub."

"Nakuambia kabla hujauliza."

Nikaingia na mimi. Swali lilikuwa refu kama mahubiri, hati fungani za mkopo hivi, kodi vile, na mwisho wake visanduku viwili. Nikakijaza cha chini kwa kalamu. Karatasi haikutoboka, lakini meza ilibaki na alama.

Wapiga kura wote walikuwa wamekwisha piga, na kiamsha kinywa kilikuwa hakijashuka tumboni. Hata hivyo sheria ilimtaka Bi Nadine akae mpaka jioni, kituo kisifungwe kabla ya saa yake. Basi tukatoa domino. Mchezo wa watu wanne tulikuwa watatu, tukacheza hivyo hivyo na kumpa mtu wa nne kiti kitupu. Kiti kikatushinda mara mbili. Dub akasema angalau kiti hakitanung'unika kikishindwa, Bi Nadine akasema hajawahi kusimamia uchaguzi wenye amani kiasi hiki, na mimi nikacheka pamoja nao.

Muda ulipotimia alifungua sanduku kwa ufunguo, akatoa karatasi mbili, akazitandaza. Sheria inaruhusu watu kushuhudia, kwa hiyo Koenig naye akaingia, shingo imeiva kama nyanya.

"Ndiyo, moja," Bi Nadine akasoma. "Hapana, moja."

"Sare," akasema Dub.

"Sare haipitishi," akasema Bi Nadine. "Lazima zizidi." Akaandika, akatia sahihi, akaanza kukusanya matangazo yake mlangoni kana kwamba ilikuwa siku ya kawaida.

Dub akanigeukia. "Ala!" akasema. "Kumbe uliponiambia utapiga Hapana, ulisema kweli?" Akatoka zake, na nikamsikia huko nje akiwasimulia kunguru.

Koenig alikuwa bado amesimama katikati ya jiko langu. "Tutarudia Novemba," akasema. "Tutaleta trela jingine."

"Leteni."

"Wewe unajua hawa watu wana pesa kiasi gani? Hii inakuchelewesha wewe tu. Novemba watakuwa watatu dhidi yako, au watano."

"Waje na vikombe vyao," nikasema. "Vyangu ni vichache." Akaondoka bila kufunga mlango. Yale maneno yalikuwa ya mdomoni tu, maana aliposhuka ngazi nilikaa chini na kupiga hesabu, na hesabu ilikataa. Watatu kwa mmoja sikuwa na dawa yake. Nilimpigia mama nikamwambia tumewazuia, sikumwambia kwa muda gani.

Trela la tatu lilifika mwezi wa nane, likashushwa ng'ambo ya bustani yangu. Walioingia humo walikuwa kijana anayeitwa Colt na mkewe Yesenia, wametoka pwani huko Port Arthur, kimbunga kiliondoka na paa lao. Niliwatazama dirishani siku mbili nikiwachukia. Siku ya tatu nikaona huo ni upumbavu, nikaoka keki ya pichi, nikaenda kuwagongea.

Colt alishangaa kuniona. "Tumeambiwa tusizungumze nawe sana," akasema kwa uaminifu kabisa.

"Sana ni kiasi gani?" nikauliza. Yesenia akacheka, akanivutia kiti. Tulipokuwa tunakula nikawauliza kama wanajua watakachopigia kura. Colt akasema ni maji, maji ya eneo hili. Nikawaambia wakimaliza keki wanisindikize kwa mama yangu, si mbali, karibu na kanisa, ni desturi yetu kumwamkia mkubwa wa mtaa mtu anapohamia.

Nilikuwa nimempigia mama simu. Aliwapokea na gauni lake la Jumapili, akawakalisha, akawauliza habari za kimbunga na za wazazi wao. Kisha akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, akajaza glasi mbili mpaka juu, akawaletea kwenye trei yenye kitambaa cheupe. Chumba kizima kikanuka. Maji yalikuwa na rangi ya chai, na kitu fulani kilikuwa kinashuka taratibu chini ya glasi.

"Karibuni, majirani," akasema. "Haya ndiyo tuliyo nayo. Msinywe."

Colt alinyanyuka akaenda kusimama mlangoni. Kutoka hapo kilionekana kijiti cha wapima ardhi chenye utepe mwekundu, na cha pili baada yake, na cha tatu, vimepita nyuma ya ua wa mama. "Sisi tumeambiwa tupige Ndiyo tu," akasema bila kugeuka. "Trela lenyewe ni lao. Hatuna pengine pa kwenda, mama. Hatuna."

"Najua, mwanangu," akasema mama.

Yesenia alikuwa ameiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, anaizungusha. Akaiweka chini kwa adabu, juu ya kile kitambaa cheupe, akanigeukia mimi.

"Huo mkataba wetu wa trela nao ni wa miaka miwili," akasema. "Yule wakili alisisitiza. Hata tukipiga Hapana, hawawezi kututoa." Kisha akauliza, "Na hawa watu wa Nebo, wako wangapi hasa?"

"Wanatosha," nikamwambia. "Vaa viatu, nikupitishe nyumba kwa nyumba."